Kabureta Waliyoninunulia

Gari ni langu. Naanzia hapo kwa sababu kuna watu wamesahau. Nililinunua kabla sijaolewa: jekundu, la Kimarekani, silinda nane, limenizidi umri mara mbili. Baba yangu alikuwa fundi wa jua kali Nakuru, na nikiwa kidato cha pili nilikuwa nikitoka shule naenda kuosha kabureta kwa petroli na mswaki mzee. Ile kazi naijua kama kupika chai.

Halafu nikazaa, na ghafla ikawa sijui kitu. Mume wangu na rafiki yake wa kanisani, anayepakia mizigo kwenye ghala huko Hayes, upande wa pili wa London, walikaa kwenye sofa yangu wakaamua gari linahitaji kabureta kubwa zaidi. Walikuwa wametazama video. Video tatu! Nikawaambia nikiwa nanyonyesha, "Hiyo ni kubwa mno kwa injini hii. Kabureta ndiyo inachanganya petroli na hewa. Koo likiwa pana hivyo, ukienda polepole hewa inapita tu bila kuvuta petroli ya kutosha. Gari litakohoa."

"Shemeji," rafiki akasema, "wewe sasa ni mama. Pumzika."

"Na ni sapraizi yako," mume akaongeza. Sapraizi gani hiyo, mtu ameshaikataa?

Waliifunga Jumamosi, mimi nikiwa kliniki na mtoto. Jumatatu nikamfunga mtoto kwenye kiti chake nyuma, nikaelekea dukani. Kwenye raundabauti ya kwanza hapa kwetu Thamesmead, nilipokanyaga mafuta niingie, gari likakohoa mara mbili likazima. Katikati ya barabara. Basi la ghorofa likafunga breki upande aliokaa mtoto, karibu kiasi kwamba niliona matope kwenye bampa lake. Watu wakapiga honi. Mtoto akalia mpaka akatapika.

Nilipofika nyumbani, gari likikohoa njia nzima, sikuvua hata viatu. "Kabureta yangu iko wapi?"

"Ile ya zamani? Jamaa wa Hayes aliondoka nayo. Ulikuwa unaitakia nini?"

Hakuniuliza kwa nini mtoto ana matapishi shingoni.

Kesho yake nikambeba mtoto kifuani, nikapanda treni stesheni ya Abbey Wood na kukata London yote mpaka Hayes. Yule rafiki alifungua mlango akiwa na sahani ya ugali mkononi. Kabureta yangu ilikuwa juu ya kabati la TV, imepakwa rangi ya dhahabu, imechomekwa maua ya plastiki. Maua, jamani!

"Shemeji! Umetoka Thamesmead na mtoto kufuata chuma?"

"Toa maua."

"Si ungepiga simu tu, ningekule..."

"Toa maua yako kabla sijayatoa mimi."

Mke wake akacheka huko jikoni. "Si nilikuambia hiyo kitu ina mwenyewe?"

Jumamosi nikaisugua ile dhahabu kwa mswaki mpaka ikatoka, nikapuliza vitundu vyote, nikang'oa ile kubwa, nikakata karatasi mpya ya kuzibia chini yake hewa isipenye. Mume wangu akaja kusimama pale na kikombe cha kahawa. Nilipoanza kufunga bolti ya mwisho akasema, "Usikaze sana."

"Shika mtoto," nikamwambia.

Akamshika, amemtanguliza mbele kama mtu aliyepewa ndoo inayovuja.

Gari likawaka nilipojaribu mara ya pili. Nililizungusha ile raundabauti mara tatu, nikikanyaga mafuta makusudi, na halikukohoa hata kidogo. Niliporudi bwana yule alikuwa anatabasamu kana kwamba ndiye aliyetoka chini ya boneti.

"Unaona? Tulibakisha marekebisho madogo tu. Kesho nawapeleka kanisani nalo, watu waone."

Tulibakisha. Mimi nina petroli mpaka kwenye kwapa, na yeye ananiambia tulibakisha.

"Kesho utaenda na basi," nikasema.

Alidhani natania. Jumapili asubuhi akapekua droo, akapekua makoti, akainua mito ya sofa, huku mimi namvalisha mtoto soksi. Akaenda na basi. Bado anazitafuta funguo hadi leo. Ziko kwenye mfuko wa nepi. Mtoto ana miezi saba, na baba yake hajawahi kuufungua mfuko ule.