Jina la Masalu Lililocheza Bila Masalu

Mwalimu Rafaeli alimwibia Masalu Shija kitu ambacho huwezi kukiripoti polisi ukaeleweka: jina. Wakati huo Masalu alikuwa kidato cha tatu, winga wa kulia, mtoto wa wafugaji waliohamia Mollo, nje ya mji wa Sumbawanga, na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Akishika mpira, mabeki wa shule jirani walibaki wameshika viuno. Timu ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ilipotangazwa, jina lake lilikuwa la tatu. Asubuhi ya safari Mwalimu alimwambia basi limejaa, arudi nyumbani akachunge.

Uongo mtupu. Kwenye kiti chake alikaa Adriano, mpwa wa Mwalimu, aliyekwisha kumaliza shule miaka miwili nyuma. Mamluki wapo tangu zamani katika michezo ya shule, lakini huyu alibebeshwa jina la mtu aliye hai na mzima wa miguu. Mwalimu alijiambia, mfugaji atakwenda kumlalamikia nani? Adriano alicheza vizuri, tusimnyime haki yake, na klabu moja ya Dar es Salaam ikamchukua akiwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwenzake. Majirani wakaanza kumpongeza Rhoda, mama yake Masalu, eti mwanawe katajwa redioni, na mwanawe yuko zizini anakamua.

Masalu alimfuata Mwalimu ofisini.

"Shikamoo Mwalimu. Nimefuata jina langu."

"Marahaba. Jina ni jina tu, kijana. Kwenu huko mko akina Masalu wangapi?"

Hapo ndipo Masalu alipoapa kuwa wawili hao wataaibika mbele ya umati, mchana kweupe. Kiapo hicho hakukiungama hata kwa padre.

Alikwenda chuo cha ualimu, si kwa kupenda chaki, bali kwa sababu chuo kilikuwa na timu. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita ilimkuta uwanjani kabla wenzake hawajafumbua macho. Alipomaliza, timu ya daraja la kwanza ya mjini Sumbawanga ikamtaka. Katibu akafungua kompyuta, akakunja uso: Masalu Shija, tarehe ile ile ya kuzaliwa, yuko tayari ligi kuu. Ikabidi wamsajili kwa jina la ubatizo. Mashabiki walipoimba "Steven! Steven!" yeye alisaga meno.

Siku za mwizi ni arobaini. Za hawa zilivutika hadi miaka sita. Droo ya kombe iliileta klabu ile ya Dar hadi Sumbawanga, mji ukachemka kwamba Masalu anarudi nyumbani. Masalu mwenyewe akaenda mtaa wa Majengo kwa Klementina, mtangazaji wa redio.

"Dada, mama yake Masalu yupo Mollo. Mleteni uwanjani amkumbatie mwanawe kabla ya mechi."

Klementina alifurahi sana. Na Masalu hakuwa amesema uongo hata neno moja.

Timu zilipopanga mistari, Rhoda aliletwa na kitenge chake kipya. Adriano, ambaye hakuwahi kumwona mama huyo maishani, alitanua mikono. Rhoda akampita kama anayepita nguzo, akaenda mstari wa pili, akamshika Masalu mkono.

"Wangu ni huyu," akasema kwenye maiki. "Yule simjui. Mwulizeni mwalimu wake, yule pale jukwaani mwenye suti."

Mwalimu Rafaeli alinyanyuka aondoke, watu wakamzibia njia. Masalu alimtazama akitafuta pa kuficha uso, na moyo wake ukawa mtamu, wala hakujilaumu. Wenyeji walifungwa mbili kwa moja; hilo moja lilikuwa lake.

Adriano alifungiwa, Mwalimu akaondolewa kwenye michezo, na klabu ya Dar ikarudi kumsajili mwenye jina. Wiki ya Masalu kuondoka, Adriano alimfuata kwenye chumba alichopanga mtaa wa Izia.

"Kaka, kunifungia sawa. Lakini nina watoto wawili, mkubwa yuko chekechea. Wanaitwa akina Masalu. Sasa wataitwa nani?"

Masalu aliendelea kukunja nguo. Alimkumbuka mama yake akipokea pongezi za mtoto wa mwenzake, miaka sita, akiitikia asante kwa sababu hakujua aseme nini.

"Waite kwa jina lako," alisema. "Halafu uwaeleze kwa nini hawakuwa nalo tangu mwanzo."