Bukari ya Komanda

Hapa Mantapala, kambi ya wakimbizi nchini Zambia, kila mtu anajua kwamba Tantine Emilienne, shangazi yangu, alikuwa mwanajeshi kule Congo. Wengine husema bado analala na bunduki. Kweli ni kwamba aliendesha lori la maharagwe, akaacha kazi hiyo zamani, na aliyekufa mbele yake ni mbuzi mmoja tu, na Tantine alimlilia.

Zéphyrin, fundi cherehani aliyefiwa na mke, alitaka kumuoa. Tantine naye alimtaka: alikuwa akimpelekea nguo ambazo hazijachanika azishone. Lakini neno la mwisho lilikuwa la Brigitte, dada mkubwa wa Zéphyrin.

"Ule komanda?" Brigitte alisema mbele ya kanisa, wote wakacheka. "Ndugu yangu atakuwa anapiga saluti mbele ya kula!"

Hata hivyo, Jumapili moja alikuja na Zéphyrin kumpima Tantine. Mgeni wa namna hiyo hutazama bukari, ugali wetu. Ya unga wa muhogo ni nzito, na ikiwa na madonge, posa imekufa.

Tantine aliteleka sufuria. Maji hayakutosha.

"Zéphyrin," alisema bila kugeuka, kwa sauti ya kushinda injini. "Maji."

Zéphyrin, aliyekaa kama mgeni, akaruka, akashika dumu, akakimbia bombani. Brigitte aligeuka kumtazama.

Aliporudi, Tantine akaongeza: "Kamata mwiko. Koroga. Miye niko na samaki."

Akakoroga, jasho likimtiririka, madonge yakiwa makubwa kama ngumi. Ndipo Tantine alipogutuka na kuona alichofanya. Akaweka samaki chini.

"Yaya Brigitte, dada yangu, unisamehe. Ni mazoea tu."

Mimi nilijificha nyuma ya kitabu changu. Nilijua posa imekwisha.

Brigitte alimtazama nduguye. "Tangu muke yako afe, unakula kwangu. Hujaniletea hata kikombe cha maji. Kumbe bomba unaijua?"

"Njo leo nimeijua, yaya."

Brigitte alimega donge, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akatafuna muda mrefu.

"Hii bukari ni mubaya sana," alisema. Kisha akamgeukia Tantine. "Harusi ni siku gani, komanda?"

Zéphyrin alifungua mdomo kujibu.

"Hatukukuuliza weye," alisema dada yake. "Koroga."