Vidonge vya Karai Moja

Hosiana alitokea Didia, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake, wanawake wa machimboni walimtwika kijiji kizima wakamwita Mama Didia. Siku ya kwanza alicheka. Baadaye akaitika tu, kama mtu anayevaa kiatu kinachombana kwa sababu hana kingine.

Kazi yake ilikuwa kuponda magwangala, yale mawe ya taka ambayo mgodi mkubwa huyamwaga ukishayakamua, halafu watu wadogo huyarudia kama kuku jalalani. Nje ya Geita kuna vilima vya mawe hayo, na juu ya kimoja Hosiana alikuwa na wenzake wawili. Wa kwanza ni Zipora, Mama Edson, mwanamke mwenye mdomo uliofanya kazi zaidi ya nyundo yake. Wa pili ni Mageni, binti aliyeolewa juzi juzi tu, mpole hadi unamsahau kama yupo.

Watatu hao walikuwa na utaratibu wao, na vikundi vingi vya kilima kile vilikuwa nao. Jiwe likionyesha dalili, liwe limeokotwa na mkono wa yeyote, linaingia kwenye karai moja. Jioni wanagawana sawa. Ukijidai kwamba wewe ndiye uliyelipata, Zipora alikuwa na jibu: "Jiwe halikujui wewe. Umelikalia tu."

Utaratibu huo ndio uliomweka Hosiana hai. Hedhi yake ilikuwa imeacha kuwa hedhi. Ilikuja ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga, ikamlaza juu ya godoro lenye nailoni, mdomo mweupe, masikio yanavuma. Siku hizo zote Zipora na Mageni walipanda kilima bila yeye, na jioni wakapita kumwachia fungu lake mlangoni. Mageni hakusema kitu. Zipora alisema mengi sana, kuhusu bei ya dagaa, kuhusu nyumba ndogo ya mwenyekiti wa mtaa, kuhusu kila mtu, ila kuhusu fungu lile hakutia neno.

Hospitali walimpiga picha ya tumbo wakakuta uvimbe kwenye kizazi, na sio mmoja. Ndio uliokuwa ukimtoa damu, na huenda ndio uliozitoa mimba zake mbili. Daktari alisema njia ya uhakika ni kukiondoa kizazi chenyewe. Alisema huku akitafuta kifuniko cha kalamu.

Mumewe Boaz, mchimbaji wa kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, alipopewa habari alikuna kichwa.

"Ng'ombe wa mahari walitoka zizini kwa mama, Ibadakuli," alisema. "Nikamwambie kizazi kimebaki hospitali? Ataniuliza na ng'ombe wamebaki wapi."

Alisema kama utani. Ila hakucheka, na Hosiana naye hakucheka.

Ndipo ukaja mradi. Ulipangisha nyumba ya bati la bluu karibu na soko, ukamweka ndani yake Sista Serafina, muuguzi mnene mwenye sauti ya kwaya, na ukatangaza kwamba unatafuta wanawake wanaotokwa damu kupita kiasi. Machimboni wanawake hao hawakuwa wachache. Waliokuwa wachache ni wale waliokuwa wakisema. Hosiana alikwenda kwanza, na alipoona hajachinjwa akamchukua Zipora, ambaye kumbe alikuwa akivuja miaka yote huku akipiga soga. Mageni alijiunga wa mwisho, kwa siri, maana kwa wakwe zake binti anayevuja ni binti mwenye mkosi.

Sista Serafina aliwakalisha kwenye benchi akawaeleza. Ni dawa mpya ya kusinyaza uvimbe bila kisu. Duka lolote ukiiulizia hawana, kwa sababu bado inajaribiwa. Nusu ya wanawake watapewa dawa yenyewe, nusu watapewa vidonge vinavyofanana nayo kwa kila kitu ila ndani havina dawa. Wote watakuwa wakichukuliwa damu ya kupima. Nani anapata kipi, imepangwa kwa bahati nasibu huko Mwanza.

"Hata mimi sijui," alisema.

"Yaani, Sista," Zipora aliuliza, "mtatupa unga, halafu damu yetu iliyobaki mtuvute na sindano? Biashara hiyo hata wanunuzi wa dhahabu hawajaifikia!"

Benchi zima liliangua kicheko. Sista naye alicheka, kisha akajibu kwa upole kwamba bila kulinganisha, hakuna atakayejua kama dawa inaponya au watu wanajipa moyo tu. Asiyetaka yuko huru kwenda. Anayebaki, hata akiangukia upande mtupu, atapimwa na kupewa vidonge vya kuongeza damu. Na jambo moja tu alilitaka liwakae kichwani: kopo lako ni lako. Usimpe mwenzio hata kidonge kimoja. Alimgeukia Hosiana.

"Hebu nirudishie. Nimesemaje?"

"Kopo langu ni langu," Hosiana akasema. "Nisimpe mtu."

Miezi ikaenda. Damu ya Hosiana ikapungua, kisha ikakaa sawa, ikawa kitu cha kuja na kuondoka kama kwa wanawake wengine. Akawa anapanda kilima bila kugeuka nyuma kuangalia kanga yake. Mashavu yalirudi. Sista alipompima tena alimwonyesha kwenye kioo kivuli ambacho kilikuwa kikubwa na sasa kimenywea. "Tukienda hivi," alisema, "kizazi chako kinapona." Jioni hiyo Boaz alirudi na sangara mzima, akamkaanga mwenyewe, akamuunguza, wakala hivyo hivyo. Kesho yake Hosiana alipita kwa mama mmoja anayeuza mbeleko akauliza bei. Hakununua. Alitaka tu kusikia mdomo wake ukiuliza.

Tatizo ni kwamba Zipora alikuwa na macho.

"Wewe Mama Didia," alianza siku moja, nyundo juu ya jiwe, "kopo lako lina nini?"

"Vidonge, Mama Edson. Kama vyako."

"Vyangu? Mimi namwaga kama bomba la mtaa. Mageni huyu hapa, muulize." Mageni aliinama akaendelea kuponda. "Wewe umenawiri mpaka mbu wanakupigia foleni. Hapo kuna mtu kapewa mwamba na kuna watu wamepewa kifusi."

"Sista alisema ni bahati nasibu."

"Na sisi bahati nasibu tunaifanyaje hapa kilimani?"

Hosiana alitupia jicho karai. Jibu alilijua. Lilikuwa katikati yao, limepinda ukingo mmoja, lina mawe ndani.

"Sikulazimishi," Zipora akasema, akashusha sauti, jambo ambalo kwake lilitisha kuliko makelele. "Nasema tukiweka yote pamoja tukakoroga, dawa haina pa kujificha. Kila mmoja anapata kidogo chake. Mbona mawe tunaweza?"

"Nitafikiria, Mama Edson."

Alifikiria kweli. Alifikiria huku akimeza vyake kila asubuhi, mgongo ameupa mlango. Kila alipomeza alisikia aibu ikishuka pamoja na maji. Nyama unayokula peke yako mbele ya watu waliokulisha hainogi, na yeye alikuwa anakula mbele ya Mageni, ambaye kila siku alikuwa akikonda na kuvaa kanga mbili, moja juu ya nyingine.

Kisha Mageni akaanguka. Jua lilikuwa kali, alikuwa amebeba mfuko wa mawe kuuteremsha kwenye karasha ya kusagia, na akakaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo, halafu akalala. Walipomgeuza mawe chini yake yalikuwa mekundu. Zipora alivua kanga yake akamfunga. Hosiana alitaja zahanati, lakini Mageni akafumbua macho akamshika mkono.

"Dada, usinipeleke. Wakwe wakisikia nitarudishwa kwetu."

Walimpeleka chumbani kwa Zipora wakampa maji ya chumvi na sukari. Asubuhi yake Hosiana alipanda kilima na kopo lake kwenye mfuko wa nailoni. Safari hii hakuna aliyemwomba. Alilifungua akamimina vidonge kwenye karai walilolisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Zipora akamimina vyake. Mageni, aliyekuja akiburuza miguu, akamimina vyake. Vyote vilikuwa vyeupe, vyote sawa. Zipora aliingiza mkono akakoroga, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na utani wowote. Wakagawana.

Uvimbe hauna adabu. Ukipewa theluthi ya dawa haukubali kusinyaa theluthi. Mageni alipata nafuu kidogo, au alisema amepata. Zipora alibaki alivyo. Damu ya Hosiana ilirudi mwezi huo huo, na safari hii ilirudi na hasira. Godoro likarudishiwa nailoni. Boaz akaacha kuuliza.

Kwa Sista walikwenda siku yao ya kawaida, wakachukuliwa damu, wakarudi, wakanyamaza. Hawakujua kwamba huko maabara wanaweza kuiona dawa ndani ya damu kama mtu anavyouona mchuzi kwenye sahani. Walipoitwa tena, watatu kwa pamoja, Sista Serafina alikuwa amesimama.

"Mwanza wamenifungulia orodha. Mama Edson, damu yako ina dawa ambayo hukupewa. Mageni, wewe vilevile. Hosiana, wewe uliyepewa, unayo kiduchu." Alikuwa akijitahidi asipandishe sauti. "Nani ataniambia?"

Zipora akafungua mdomo. Hosiana akamtangulia.

"Tulichanganya, Sista."

"Nilikwambia usichanganye. Nilikwambia na ukanirudishia!"

"Nilielewa, Sista. Mageni alianguka."

Sista alimtazama Mageni, akazitazama zile kanga mbili, akakaa. Uso wake uliporomoka.

"Mngemleta kwangu," alisema. "Ndiyo kazi yangu. Aliyeanguka ningemwongeza damu siku hiyo hiyo na hakuna mkwe angejua. Mngemleta tu."

Hakuna aliyewaza hilo. Kwenye fikra zao nyumba ya bati la bluu ilikuwa mahali pa kupewa vidonge na kutolewa damu. Hapakuwa mahali pa kupiga hodi.

"Sasa nikianza tena kumeza vyangu peke yangu?" Hosiana akauliza. "Kwa uaminifu."

"Wa Mwanza wameshawaondoa. Majibu yenu ninyi watatu hayahesabiwi tena, na kopo jipya hawatoi." Sista alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Sio mimi, mama. Niliomba. Niliomba kwa ajili yako hasa."

"Dukani je? Nitaitafuta hata Kahama."

"Haipo dukani. Ikipita majaribio itakuja. Itakuja kweli, Hosiana, naiona inavyofanya kazi. Lakini itachukua miaka, na wewe damu yako hiyo haina miaka."

Alimwandikia rufaa kwenda hospitali kubwa, na Mageni akamlaza hapo hapo akamtundikia chupa.

Boaz alisikiliza akiwa kwenye kigoda, buti zina tope la duarani. Hakumpiga wala hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Ulivimwaga kwa mkono wako mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Kizazi chetu," alisema, akaanza kukwangua tope kwenye buti. Alimsindikiza mpaka hospitali, akasimama mlangoni mwa wodi akikunja kofia, akasema anakwenda Ibadakuli kuongea na mama. Mpaka siku ya upasuaji alikuwa hajarudi, na simu yake iliita bila kupokelewa.

Hosiana alizinduka na koo kavu na tumbo zito kama limepakiwa mawe. Kabla hajafumbua macho alijua pamebaki shimo. Alitafuta ndani yake mtu wa kumlaumu. Akaanza na Sista, akashindwa. Akaenda kwa Mageni, akashindwa mapema zaidi. Hata Zipora, aliyestahili, kila alipomshika alimwona akipita mlangoni jioni, ana fungu mkononi, anasimulia bei ya dagaa.

Alipofumbua macho Zipora mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, chupa ya uji mapajani. Macho yamevimba. Hakuwa na la dagaa wala la mwenyekiti wa mtaa.

"Umeamka, mdogo wangu."

Hosiana alipepesa.

"Nimekaa hapa tangu jana nakusubiri unitukane," Zipora akasema. "Nimeshapanga na ya kujibu. Nitukane basi. Mimi ndiye niliyeleta maneno yale. Niite mchawi, nimwagie huo uji, mradi useme."

Hosiana angetamani hasira ije, maana hasira ingekuwa angalau kitu ndani ya lile shimo. Haikuja.

"Wewe bado unavuja?" aliuliza, sauti inakwaruza.

Zipora akaitikia kwa kichwa.

"Nenda kwa Sista. Mwambie akuandikie rufaa."

"Nitukane kwanza, Mayu," Zipora akalia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nakuomba."

"Sina nguvu, Mama Edson," Hosiana akasema, akageuzia uso ukutani.