Chupa ya Chokaa na Chupa ya Magadi

Nyumba ile ilikuwa na mafundi wawili, na mteja akigonga mlango na kuita "Fundi!" waliitika wote kwa pamoja. Mke alishona nguo palepale sebuleni, cherehani yake imeegemea dirisha la ghorofa ya tatu. Mume alitengeneza friji za watu, akitoka asubuhi na mkoba wa spana na kurudi amechafuka hadi kwenye nyusi. Mume alimwita mkewe Bibie, mke alimwita mumewe Mzee, na majina hayo walipeana tangu ujanani, wakati hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mvi.

Binti yao wa pekee alipoolewa, nyumba ilipoa mno. Ndipo siku moja Mzee akaja na tangi la vioo, refu kama jeneza la mtoto, akalijaza maji ya chumvi na mawe meupe.

"Wenzio uzeeni hununua kochi," Bibie alimwambia.

"Kochi haliogelei," Mzee akamjibu.

Bibie alicheka hadi akachoma kidole kwa sindano. Baadaye, we acha tu, yeye mwenyewe ndiye aliyelogwa na tangi. Walimtia samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, wakamwita Shemeji, kwa sababu alikula hapo kila siku na hakuna siku aliyowahi kusaidia kazi. Lakini hamu yao kubwa ilikuwa mawe. Kuna mwani mgumu unaoota juu ya mawe ya baharini na kuyavika zambarau, utafikiri mtu kayapaka rangi kwa brashi. Mwani huo unajijenga kwa madini yaliyo majini, na katika tangi madini huisha, sharti mtu ayarudishe. Mzee alinunua chupa mbili za kurudishia. Moja waliiita chupa ya chokaa, nyingine chupa ya magadi.

Sharti lake lilikuwa moja, na Mzee alilirudia hadi likamchosha Bibie: chokaa asubuhi, magadi jioni, kifuniko kimoja tu, kamwe visikutane. Vikikutana kwa wingi vinagandana, maji yanageuka uji. Na kwa kuwa vyote viwili ni maji maangavu yasiyoacha alama, hakuna anayeweza kulitazama tangi akajua kama limeshapewa. Basi wakaweka desturi. Anayetia anapaza sauti: "Nimetia!" Na mwenzake, hata kama yuko bafuni ana povu machoni, lazima aitike: "Nimesikia!" Majirani waliwazoea. Yule mama wa ghorofa ya chini alisema hahitaji saa ukutani.

Sasa huyo mama wa chini ndiye aliyeleta balaa, maskini, bila kukusudia. Alikuja kupunguziwa gauni. Bibie alikuwa amepiga magoti, pini zimejaa mdomoni, anakunja pindo.

"Kwa hiyo mzee wako anatukimbia," yule mama akasema. "Mume wangu kaniambia amepata kazi kiwanda cha barafu, mji wa mbali huko. Mkataba kabisa! Hongereni."

Pini zilimwokoa, maana mdomo wenye pini hauulizi swali. Bibie alikunja pindo lote pande zote, akamsindikiza mteja mlangoni huku akitabasamu, akarudi, akaketi kitini. Mtu wa ghorofa ya chini anajua, mkewe wa ndoa hajui! Alihisi amevuliwa nguo hadharani.

Mzee aliporudi, alimuuliza swali moja: "Ni kweli?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nataka kukuambia."

Bibie hakumpa hata neno moja zaidi. Alimpa kisogo, na kuanzia hapo akala kiapo moyoni kwamba hatakuwa wa kwanza kufungua mdomo. Mzee naye, mkaidi wa kuzaliwa, akanuna. Wakaishi hivyo wiki nzima, chakula kinapakuliwa kimya, kinaliwa kimya, hata vijiko viliona haya kugonga sahani. Na jioni hakuna aliyeita "Nimetia."

Bibie alidhani Mzee kalisusa tangi. Atajali nini, si anaondoka? Naye alikuwa ameona kitu ambacho hakumwambia: pembeni mwa jiwe kubwa, karibu na maficho ya Shemeji, palikuwa pameota doa la zambarau upana wa kifungo cha shati. Alipoliona alijishika kifua. Baada ya kungoja kote kule! Akaamua, basi, mwanamume huyu akiondoka aondoke ameyaona mawe yamevaa, ajue anaacha nini, na uchungu umtafune safari nzima. Akawa anatia chokaa, anatia magadi, na kifuniko kimoja kikawa viwili ili doa likimbie. Na kweli, ndani ya hasira ile kulikuwa na mapenzi, ila wakati huo ungemwambia hivyo angekurushia mkasi.

Mchana wa kuamkia safari, Mzee alikuwa chumbani akipanga nguo kwenye begi. Bibie alisikia zipu ikifunguliwa na kufungwa, kila mlio ukimkata. Akainuka, akachukua chupa ya magadi, akamimina kifuniko, akamimina kingine.

Wingu likatokea. Kwa kawaida lilikuwa likitanda kidogo na kupotea. Hili halikupotea. Lilinenepa, likashuka juu ya mawe, likapanda tena, na kabla hajaweka chupa chini maji yote yalikuwa meupe kama maziwa. Pampu ya kuzungusha maji ikakohoa, ikakwaruza, ikanyamaza.

Loo! Bibie alisimama ameshika kifuniko, macho yamemtoka. Shemeji alichomoza kwenye kona juu kabisa, anatwetatweta, mdomo nje. Chumbani zipu ilipita tena. Hatua chache tu, na mtu pekee anayejua la kufanya yuko nyuma ya pazia. Lakini kile kiapo! Aseme yeye kwanza? Yeye, aliyekosewa? Alijitia kungoja kidogo, pengine wingu litatulia. Shemeji akalala upande, akajinyanyua, akalala tena.

"Mzee!" Sauti ilimtoka kali hadi akajishtua. "Mzee, njoo, anakufa!"

Mzee alitoka na soksi moja mkononi. Aliliona tangi, uso ukamshuka. "Umetia nini?"

Bibie akaficha kifuniko nyuma ya mgongo. Kukiri ni kukubali kwamba wiki nzima hii alikuwa akilihangaikia tangi la mtu asiyemsemesha.

"Bibie, sikulaumu. Kama ni magadi peke yake, tone la siki litasaidia. Kama ni vyote viwili, nikiongeza chochote tunammaliza. Nikikosea hapa ndiyo basi. Niambie."

"Magadi. Vifuniko viwili, sasa hivi." Akameza mate. "Na chokaa jana. Na juzi. Kila siku, ukishatoka."

Soksi ikaanguka. "Kila siku?"

"Wewe si ulilisusa!"

"Nililisusa saa ngapi? Mimi natia alfajiri kabla hujaamka! Hata leo nimetia chokaa, nikazidisha, maana nimeona doa. Nilitaka nikuachie mawe yameota."

Walitazamana. Kumbe wote waliliona. Kumbe wote walizidisha, kila mmoja kwa kunyemelea kama mwizi nyumbani kwake. Lakini haukuwa wakati wa kuduwaa. Jikoni kulikuwa na pipa la maji ya chumvi waliyokuwa wakiyaweka tayari kwa kubadilisha. Mzee akavuta maji mabovu kwa mpira, Bibie akabeba ndoo, anamimina taratibu, mgongo unamuuma, hasemi.

"Polepole," Mzee alisema. "Nusu tu. Tukibadilisha yote tunamuua kwa mshtuko."

Pampu ilikuwa imeganda ukoko mweupe. Mzee aliitumbukiza kwenye siki, akaisugua kwa mswaki, akaiwasha: kimya. Akaipuliza: kimya. Akaikagua kwa karibu. "Kitundu cha ndani kimeziba. Sina kitu chembamba hivyo."

Bibie akachomoa pini kwenye ukosi wa gauni lake, akainyakua pampu, akachokoa kama anayetoa mwiba. Kichembe cheupe kikadondoka. Wakairudisha, Mzee akachomeka swichi, na pampu ikanguruma. Shemeji alisukumwa na mkondo hadi kwenye kioo, akapepesuka, kisha akapiga mkia mara moja na kushuka kuelekea jiwe lake.

Wakaketi sakafuni, wamelowa, migongo imeegemea kabati. Hapo ndipo Bibie alipoanza kulia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nisiende. Ungesema hivyo, ningebaki."

"Na kama ningesema nenda?"

"Hilo niliogopa zaidi."

"Mjinga wewe!" Alimpiga begani kwa kitambaa chenye maji. "Niliambiwa habari ya mume wangu nikiwa nimepiga magoti miguuni pa mtu, pini mdomoni. Sikutaka kukuzuia, Mzee. Nilitaka kuambiwa. Kwanza mimi. Kabla ya ghorofa ya chini, kabla ya mtu yeyote. Hilo tu."

Mzee hakujitetea. Alitazama tangi, ambapo ukungu ulikuwa unaanza kutua. Jiwe kubwa lilikuwa limefunikwa unga mweupe, na doa la zambarau halikuonekana kabisa. Kama liko hai chini ya unga ule au limekufa, hakuna aliyejua.

Akatoa simu mfukoni, lakini hakuibonyeza. "Kesho siwezi kuliacha hivi. Niwaambie kiwandani nakuja wiki ijayo, au niwaambie siji?"

Bibie akageuka kumwelekea. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa, na aligundua kwamba ana jibu tayari, na kwamba jibu lenyewe linamuuma.

"Waambie unakuja," alisema. "Ila siku ya kuondoka unaniambia mimi. Kwa sauti. Hata nikiwa bafuni."

Mzee aliweka simu chini, akamshika mkono wake uliojaa siki.

"Nimesikia," akasema.