Risasi Inayomtosha Kiboko

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Sondu, nikaambiwa askari mmoja mstaafu wa wanyamapori, niliyemfahamu tangu zamani, ameaga dunia usingizini. Wasomaji wa safu hii mnajua sina mazoea ya kuwapamba marehemu. Huyu alikuwa mkaidi, mchoyo wa maneno, na mkibishana hakukuachia hata upenyo wa kubadilisha mada. Nimeumia, tena sana.

Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku zamani nchini mwetu, kwa hiyo wengi hudhani habari za risasi kubwa na ndogo ni porojo za wageni. Mwambie hivyo mkulima wa mpunga wa Ahero! Mafuriko yakipanda, viboko hupanda nayo, na lazima mtu aamue nani ataishi. Kwenye kibanda cha chai kule Kisian, jamaa mmoja aliwahi kumuuliza marehemu ni bunduki gani kali kuliko zote. Akajibu, "Kwanza niambie ni mnyama gani, amesimama aje, na nyuma yake kuna nani. Risasi ndogo itamtesa. Ile kubwa kama huiwezi, utafunga macho ukifyatua, na bado utamtesa." Akarudi kwenye chai yake.

Mwaka mmoja wa maji mengi, kiboko dume alihamia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, akamvunja mkulima paja. Mkewe alibaki na mpunga ulioiva, ndege wanaula, naye hathubutu kukanyaga shambani. Marehemu alitumwa huko, nami nikamfuata kutafuta habari. Tulikuta umati umeshabeba mapanga na makarai, maana kiboko akiuawa hakuna anayetaka kurudi nyumbani mikono mitupu. Mnyama alikuwa amesimama wazi, karibu kabisa. Marehemu hakuinua bunduki. Aliyokuja nayo ilikuwa ya doria, yenye risasi nyembamba. Ile nzito ilikuwa kituo kingine, na alikuwa ameshaiitisha.

"Piga, Bwana! Si uko na bunduki?" mmoja alipaza sauti.

"Hii haifiki kwa ubongo. Mfupa ya kichwa itaimaliza njiani."

"Risasi ni risasi! Kama unaogopa, sema tu!"

Matope yalianza kurushwa. Ndipo mke wa yule majeruhi akamsogelea. "Jaduong', mzee wangu, mpunga yangu inaisha. Bwana yangu amelala hospitali. Wewe unangoja nini?"

"Mama, nikiipiga na hii haitakufa. Itaingia kwa matete na maumivu yake. Kesho ukienda kuvuna, ni wewe itakuta."

Mama alimtazama yule kiboko, kisha akaugeukia umati. "Basi nitangoja. Na nyinyi mtangoja na mimi."

Marehemu alishinda juu ya tuta akiwazuia watu wasikaribie, akitukanwa kutoka kila upande. Kesho yake bunduki nzito ikafika, pamoja na risasi nene za ncha ngumu, zisizobonyea zinapogonga mfupa. Hata hapo hakuharakishwa. Alizunguka mpaka akaona nyuma ya mnyama hakuna mtu, ni udongo mtupu, akapiga mara moja. Kiboko alianguka pale pale aliposimama. Watu wakavamia na makarai. Yule mama aliwapita bila kuitazama nyama, mundu mkononi, akaingia shambani kwake.

Msininukulie ile ya haraka haraka haina baraka. Mtu huyu hakuwa mzembe. Alijua tu kwamba aliyehukumiwa kufa, hata akiwa mnyama, ana haki ya kufa mara moja. Sisi tunapenda mlio. Daraja likibomoka tunamwaga kifusi, picha inapigwa, tunashangilia, na mvua ya kwanza inaondoka nacho. Ugonjwa ukizuka tunameza nusu ya dawa, na homa ikishuka tunamgawia jirani zilizobaki. Kiongozi anayesema "sina kifaa cha kazi hii, ngojeni nikilete" tunamwita mwoga, na anayefyatua chochote tunampigia kura. Nimechoka na mchezo huu, na sitaushangilia tena. Asiyeweza kumaliza asianze, na atakayetukanwa kwa kukataa kuanza vibaya, mimi nitasimama upande wake. Kwa maana kazi iliyofanywa nusu haipotei: hujificha mahali ikiwa na hasira, na atakayeikuta si yule aliyeifanya.