Matundu Sita ya Graniti

Kwa miaka kumi na mmoja Sumaiya alikuwa akiuza biti za drili, vile vyuma vya kutobolea, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoboa hata tundu moja. Alifika Msambweni kutoka Majoreni baada ya kuachwa na mumewe, ana watoto wawili na sanduku moja la nguo, na ami yake Ishak, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, akamweka kaunta. Hakumfundisha mengi. Alimwambia tu, "Mwanangu, usimuulize mteja ataka nini. Muulize atoboa nini."

Mengine Sumaiya alijifunza kwa biti zilizorudi. Mafundi walikuwa na tabia ya kuja na biti iliyokufa, wakaibwaga kaunta na kulalamika kwamba wameuziwa takataka. Wakishaondoka, yeye huiokota akaigeuzageuza mlangoni penye mwanga. Ncha iliyogeuka samawati imeungua. Aliyeishika alikandamiza mno. Ncha iliyomeguka imegongeshwa kwenye kitu kisichotaka kugongwa. Hapo yeye hujua kazi ilivyokwenda kama aliyekuwapo. Fundi Baya alikuwa mtu wa haraka, fundi Kenga alikuwa mtu wa nguvu, na wote wawili hawakujua kwamba mwanamke wa dukani amewasoma.

Hata hivyo makosa hayakuwa mengi, kwa sababu nyumba nyingi za huko ni za mawe ya matumbawe au matofali ya simiti, na biti ya kawaida ya ukutani, drili ikiwashwa kugonga, huingia humo kama kisu katika muhogo uliochemka. Mtu aliweza kuuza biti hizo mwaka mzima asiulize neno.

Jumatatu moja asubuhi akaingia Mbuvi, fundi wa mabomba na vigae, Mkamba ambaye wazazi wake walipata shamba Shimba Hills zamani na yeye akakulia hukohuko. Umri wake ulikuwa umemzidi Sumaiya kama miaka kumi na mitano.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dada." Aliweka biti juu ya kaunta polepole, hakuibwaga. "Hii uliniuzia Ijumaa imekataa. Nipatie ingine, kubwa kidogo, yenye nguvu."

Sumaiya aliichukua. Ncha ilikuwa samawati na upande mmoja umemeguka. Hakuwahi kuona biti iliyopata maafa yote mawili kwa siku moja.

"Ulikuwa ukitoboa nini?"

"Tailisi."

"Za udongo?"

"Za mawe. Zile za msikiti, za kule kina mama watatawadhia."

Sumaiya alizijua, mji mzima ulizijua. Tajiri mmoja wa Diani alimaliza nyumba yake, akabakiwa na vigae vya graniti nyeusi yenye chembe zinazometa, akavitoa sadaka. Vilikuwa thelathini na vitatu. Ukuta ulihitaji thelathini, na sita kati ya hivyo vilitakiwa kutobolewa ili mabomba ya mifereji ya kufungulia maji yapite.

"Umevunja vingapi?" aliuliza.

Mbuvi aliangalia viatu vyake. "Tatu."

Basi hakukuwa tena na akiba. Sumaiya aliikumbuka Ijumaa ile. Duka lilikuwa limejaa watu wa mabati, kila mmoja akipaza sauti, na Mbuvi alisema kutoka nyuma, "Nipe ya ishirini na tano, ya ukuta." Naye akampa ya milimita ishirini na tano. Hakumuuliza atoboa nini.

Alivuta droo ya chini kabisa, akatoa kitu kilichokaa humo zaidi ya mwaka bila mnunuzi. Kilikuwa cha duara, kitupu katikati kama kipande cha bomba, na ukingo wake ulikwaruza kidole kama msasa. Hizo zilikuwa chembe za almasi ya kiwandani.

Mbuvi alikigeuza. "Hii haina hata meno. Itakata nini?"

"Haikati, fundi. Yasaga. Ile nyengine yagonga jiwe mpaka lipasuke, na graniti ikishapasuka haichagui pa kuishia. Hii yazunguka tu, polepole, na maji juu yake. Kugonga uzime kabisa. Tena chukua drili hii ya betri. Yako ni ya waya, na waya na maji havipatani."

Mbuvi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila ubaya wowote, "Dada, wewe unajua kuuza. Kutoboa ni kitu ingine."

Neno lile lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimchoma. Sumaiya alifunga kaunta, akamwomba Jemima wa duka la vitambaa la jirani amwangalizie mlango, akajitanda mtandio wake vizuri na kutoka pamoja na fundi.

Chumba cha kutawadhia kilikuwa nyuma ya msikiti, bado hakijaezekwa. Bi Mwanamkuu, kiongozi wa kina mama, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilinda vigae kama mtu alindaye mayai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama sadaka za watu zinavyovunjwa?"

"Nimekuja kujaribu, inshallah."

Walianza na kipande cha kigae kilichokwisha kuvunjika. Mbuvi alikilaza juu ya ubao, akamkabidhi Sumaiya drili. Ilikuwa nzito kuliko ilivyokuwa ikionekana rafuni. Aliiweka biti, akabonyeza, na biti ikateleza, ikakimbia upande na kuacha mkwaruzo mrefu mweupe kwenye jiwe. Alijaribu tena, ikakimbia tena. Alijua kwamba biti huanzishwa kwa kuiinamisha mpaka ichimbe kijia kama mwezi mwandamo, kisha huinuliwa taratibu. Hayo aliwaambia watu mara nyingi. Lakini mikono haikuwa imeambiwa.

Alingoja Mbuvi acheke. Mbuvi hakucheka. Alitafuta kipande cha mbao nyembamba, akakikata tundu la ukubwa uleule kwa msumeno mdogo, akakiweka juu ya kigae na kukikandamiza kwa goti.

"Sasa haina pa kukimbilia," alisema. "Jaribu ndani ya hii."

Sumaiya alibonyeza tena. Safari hii biti ilitulia. Mbuvi alikamua maji kutoka kwa sponji, tone baada ya tone, na maji yakatoka chini ya mbao yakiwa ya kijivu kama tui lililotiwa majivu. Hakukuwa na kelele za kuumiza meno. Ilikuwa sauti ya mtu anayesaga nafaka juu ya jiwe. Dakika zilipita. Mara akahisi mlio umebadilika, umekuwa mwepesi, akakumbuka kwamba jiwe huvunjika zaidi mwishoni, pale mtu anapofurahi. Alilegeza mkono, akaiacha drili ijiendee kwa uzito wake tu.

Kijiwe cha duara kilibaki ndani ya biti. Mbuvi alikisukuma kwa msumari, kikaanguka. Tundu lilikuwa safi, kingo zake hazikumeguka.

Bi Mwanamkuu alikiokota kile kijiwe. "Hiki chafaa kuwa kete ya bao," alisema, akakifutika kwenye ncha ya leso.

Kigae kizima cha kwanza Sumaiya alitaka kumpa Mbuvi, lakini Mbuvi alikataa. "Toboa wewe. Mkono wako sasa umejua, wangu bado una hasira ya Ijumaa." Akatoboa. Cha pili akakitoboa Mbuvi, yeye akishika sponji. Wakaendelea hivyo wakipokezana, bila mazungumzo mengi, mpaka adhana ya adhuhuri. Sumaiya alienda kuswali. Aliporudi alimkuta Mbuvi amekaa kivulini, hajagusa kitu. Alikuwa amemngoja.

Kwenye kigae cha tano nusura mambo yaharibike. Sumaiya alikuwa akiliwazia duka na Jemima aliyemwachia, akakandamiza. Harufu ya kuungua ilipanda.

"Simama! Simama!" Mbuvi alipaza sauti.

Alisimama. Sponji ilikuwa imekauka na wote wawili hawakuona. Waliinua biti, wakaitia kwenye ndoo ya maji, ikalia tss. Mbuvi alipitisha kidole juu ya kigae taratibu, huku na huku, akitafuta ufa. Hakuupata.

Hapo ndipo Sumaiya alipolisema lile lililokuwa limemkaa kifuani tangu asubuhi. "Fundi, kosa la Ijumaa lilikuwa langu. Sikukuuliza watoboa nini."

Mbuvi alipangusa mikono kwenye suruali. "Hata mimi sikusema."

Wakamalizia kilichobaki.

Wiki mbili baadaye mifereji ilifunguliwa. Kina mama walipanga foleni, wengine wakasifu jiwe, wengine wakalalamika kwamba mifereji imewekwa juu mno kwa wafupi. Mbuvi alisema atakuja kutengeneza viti vya simiti vya kukalia, na kweli akaja.

Lakini siku ile ya kutoboa, Sumaiya alifika nyumbani alasiri, mabega yakimuuma. Ami yake Ishak, ambaye macho yake sasa yaliona kivuli tu, alikuwa barazani akimngoja, wali umeshapakuliwa.

"Jemima ameniambia umefunga kaunta," alisema mzee. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natoboa graniti, ami."

Mzee akanyoosha mikono, akaishika ya Sumaiya, akaipapasa mpaka kwenye kucha, ambako unga wa jiwe ulikuwa umeganda mgumu. Akacheka kicheko kirefu, mpaka machozi yakamtoka.

"Kanawe, mwanangu," alisema alipoweza kusema. "Wali unapoa."