Makande Yasiyo na Nazi

Munira wa Old Korogwe alikuwa fundi cherehani, na blogu yake ilikuwa ya ushonaji tu: mikato, mishono, mapindo, basi. Miaka mitatu aliilea kama mtoto wa pekee. Wasomaji wake walikuwa kumi na wanane, na mmoja wao ni mumewe, Mustafa, aliyesoma kwa kulazimishwa.

Shoga yake Serafina, mwalimu wa chekechea kule Kwashemshi, alipomwambia kwamba naye anafungua blogu, Munira alimuuliza ya nini.

"Ya kila ninachokipenda," Serafina alijibu. "Maharage yangu, kwaya, mpira, vitendawili vya bibi."

Munira akacheka. "Mshika mbili moja humponyoka, shoga. Wewe umeshika nne."

Haikumponyoka hata moja. Serafina aliandika jinsi golikipa wa timu ya Kwashemshi alivyofungwa matatu kwa sababu alikuwa akiwaza maharage aliyoyaanika nyumbani na wingu limetanda, na humohumo akapachika kitendawili cha bibi na wimbo ambao kwaya ilikwenda kumfariji nao. Watu walisoma mpaka Handeni. Wateja wa Munira, wakipimwa kiuno, walimsimulia habari za golikipa huyo, naye pini mdomoni, anaitikia tu. Aliona wivu, tena wivu mbichi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye pia alipenda mpira, na vitendawili vya Kizigua alivijua vya kujaza daftari. Vyote alivifungia nje kwa kuogopa kuchanganya mambo.

Jumatatu moja, baada ya mteja wa tatu kumsimulia yaleyale, alifungua ukurasa wa Serafina, akajibandika jina la Kibwana, akaandika: "Hii si blogu, ni makande, mahindi na maharage chungu kimoja. Tena makande yasiyo na nazi." Akarudi kwenye cherehani yake, moyo umetulia.

Kesho yake blogu ile ilikuwa na jina jipya, kwa herufi kubwa: MAKANDE. Chini yake Serafina alikuwa ameandika: "Jina nimepewa na msomaji anayejiita Kibwana. Kwetu makande hatuyatii nazi, na maishani mwangu ni mtu mmoja tu aliyewahi kunigombeza kwa hilo, jikoni kwake. Shoga, nakuja Jumamosi. Nazi iwepo."

Munira alisoma mara mbili, uso ukimwaka kwa aibu. Jumamosi akakuna nazi mbili.

Serafina alikula sahani nzima, akaongeza. Habari za Kibwana hakuzigusa. Wakaongea mpira, wakabishana, na katikati ya ubishi kitendawili cha Kizigua kikamtoka Munira bila kukusudia. Serafina alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Hicho nikiandike mimi," aliuliza akijifuta macho, "au utakiandika mwenyewe?"

Munira alitazama sufuria. Wivu ulikuwa bado upo, hakuweza kujidanganya.

"Changu hicho," alisema. "Usikiguse."